Migongo Mitatu Ufukweni Shioya

Kobe, 12 Januari 1997

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Tunamshukuru Mungu tumeuona mwaka. Ijumaa hii itatimia miaka miwili tangu tetemeko. Nyumba yako ya Kitano wamemaliza kuibomoa. Zimebaki ngazi saba za mawe zinazopanda kwenda hewani, na paka wa jirani amejichagulia ile ya nne. Natumaini Hong Kong hakuna baridi kama hapa, na kwamba Naim na mkewe wanakutunza. Naim ndiye aliyeniambia simu huisikii tena, kwa hiyo naandika.

Mimi bado nachagua lulu kwenye ile meza ya Baba, dirisha la kaskazini. Macho hayajachoka sana.

Mama amelazwa tangu Desemba. Ni figo. Daktari amesema tusitegemee atavuka majira ya joto. Mwenyewe hana woga. Ana jambo moja tu: anataka kulala kilimani kando ya Baba, upande wetu wa makaburi ya wageni. Asipokubaliwa huko atachomwa kama watu wote wa nchi hii, na majivu yake yatapelekwa kaburi la kwao Akashi. Ameniambia, "Simha, miaka arobaini na tatu nimeogopa nisije nikawasha moto siku ya Sabato. Sasa nitiwe humo mimi mwenyewe?"

Rabai wetu mpya, Rabai Abitbol, ni kijana mwenye adabu. Hati ya Mama ya mwaka 1953 anayo, yenye sahihi za wale watatu waliompokea katika dini yetu ya Kiyahudi. Hata hivyo anataka mmoja wao athibitishe. Rabai wa jeshi la Wamarekani alikufa. Mzee Lagnado muuza vifungo alikufa. Umebaki wewe. Ni mistari mitatu tu, Baba Mkubwa.

Mama anakusalimu sana. Anasema ukija atakupikia kuku wa Sabato, hata kama ni kwenye jiko la hospitali.

Mwanao,
Simha


Hong Kong, 20 Februari 1997

Mwanangu Simha,

Marahaba, na amani iwe kwako. Barua yako niliipata siku nyingi kidogo zilizopita. Naim hajambo, ila amenenepa. Mkewe ananipikia samaki asiye na chumvi kwa amri ya daktari, halafu anasimama mlangoni kuona kama nimemaliza, kana kwamba nina miaka mitano na si themanini na sita. Muuguzi anayekuja asubuhi ananiuliza kila siku jina langu na mwaka wa kuzaliwa. Jana nilimjibu kwamba nimezaliwa kesho. Aliandika.

Habari za ngazi zangu zimenichekesha. Mwache paka akae.

Nasikitika kuhusu mama yako Tazuko. Ni mwanamke mwema. Kuhusu ile karatasi unayoitaka, mkono wangu unatetemeka kama unavyoona mwandiko huu, na kumbukumbu si ile ya zamani. Miaka arobaini na tatu ni mingi. Nadhani rabai atafute njia nyingine. Na ukifikiri vizuri, Akashi ni kwao. Huenda atapumzika vizuri zaidi katikati ya ndugu zake.

Umeniuliza kama kuna kitu nahitaji. Ukiipata ile achari ya maembe kama aliyokuwa akitengeneza marehemu Habiba, nitumie chupa moja. Ya madukani huku ni sukari tupu.

Baba yako mkubwa,
Heskel


Kobe, 3 Aprili 1997

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Huku cheri zimechanua na mvua imezipukutisha. Achari nimekutumia kwa posta ya meli. Nimetengeneza mwenyewe, kwa hiyo usiilinganishe na ya Mama Mkubwa Habiba.

Nilikwenda kumwambia Rabai Abitbol kwamba umeshindwa kuandika. Nikamuuliza, "Hati ipo, sahihi zipo, tatizo ni nini?" Akazungusha kalamu yake weee, mwisho akasema katika jalada la Mama kuna barua ya mwaka 1979, na ndiyo inayomfunga mikono. Nikamwomba nione. Akasema, "Dada Simha, muulize aliyeiandika." Nikamuuliza ni nani. Akasema, "Baba yako mkubwa."

Mwaka 1979 ndio mwaka niliotakiwa kuolewa na Avner. Unaukumbuka. Kitambaa cha gauni kilikuwa kimeshakatwa. Ndipo baraza la marabai la mji wa kwao, Haifa, likajibu kwamba halimtambui Mama, kwa hiyo halinitambui mimi. Wakasema nikitaka, nizame majini upya kama mgeni anayeingia dini. Baba alikataa mbele yako, sebuleni kwako. Alisema, "Mwanangu hazami. Hajawahi kutoka nje hata aingie." Avner akapanda meli yake, akaandika mara mbili, basi.

Uliandika nini?

Usinijibu habari za samaki.

Simha


Hong Kong, 14 Mei 1997

Mwanangu Simha,

Amani iwe kwako na kwa mama yako. Pasaka imepita. Naim aliniweka kichwani mwa meza, wajukuu wakasoma maswali yao, na mimi nilipofika mahali pa kusema tulikuwa watumwa nikakwama. Walidhani ni uzee. Achari imefika. Ni nzuri kuliko ya Habiba, Mungu anisamehe, na nimeila nikiwa najua kwamba aliyenitumia alikuwa bado hajajua anamtumia nani.

Nimejaribu kuandika barua hii mara sita. Daktari hasemi mbele yangu, lakini nilifundisha wavulana wa chuo cha biashara miaka thelathini na nane, najua sura ya mtu anayeficha matokeo ya mtihani. Siwezi kufika mwisho nikiwa na jambo hili mfukoni.

Barua ile niliandika mimi. Baraza la Haifa liliandika kwa katibu wa sinagogi la Kobe kuuliza habari za Tazuko, na katibu nilikuwa mimi. Nilijibu kwa Kiebrania, mistari kumi na moja. Nilisema kwamba siku ile ufukweni Shioya, alipozama majini ili aingie dini, fungu la nywele zake lilibaki juu ya maji. Kwamba rabai wa jeshi alikuwa na haraka ya treni, nasi wawili tukanyamaza kwa aibu. Kwa sheria yetu unywele mmoja ukibaki juu ni kama mtu hakuingia majini kabisa. Nilijua wataelewa. Niliipeleka posta ya Sannomiya kwa miguu yangu ili Habiba asiione. Kwa uzembe nikaacha nakala mezani, akaiona. Hakunisemesha wiki mbili.

Utauliza kwa nini. Nataka usijibiwe kwa maneno ya sheria, maana sheria nimejifichia vya kutosha.

Unamkumbuka dada yako Violet, binti yangu? Ulikuwa na miaka kumi na sita alipoondoka. Mwaka 1971 alisimama jikoni akaniambia anaolewa na Kashiwagi, daktari wa meno, mtu wa kanisani. Nikamwambia, "Ukitoka mlangoni umekufa." Akaniuliza, "Nikitokea dirishani je?" Alikuwa na ulimi kama wa mama yake. Akatoka mlangoni. Nikalichana koti langu kifuani, nikafunika vioo, nikaketi sakafuni siku saba. Nilimkalia matanga mwanangu akiwa hai. Watu wa sinagogi walikuja, wakaleta mayai na mikate, wakanipa pole. Wengine walinisifu.

Siku ya tatu akaja baba yako. Hakuvua viatu. Alisimama juu yangu na mwavuli wake unadondosha maji.

"Unamlilia nani, kaka?"

"Nimefiwa na binti."

"Basi huyu niliyetoka kumkatia tikiti ya Himeji ni nani? Amenunua na machungwa. Maiti hawanunui machungwa."

"Salim, nyamaza, hapa pana msiba."

"Msiba upo," akasema. "Uko sakafuni, umevaa koti bovu." Akaondoka. Hakukaa nami hata dakika moja.

Simha, siku zile saba ndizo zilizonifanya niwe mtu niliyekuwa. Kila nilipokaribia kumwandikia Violet nilijiambia: hapana, ulitoa kitu kikubwa, usikirudishe. Nilikula peke yangu upande wa meza aliokuwa akikaa yeye ili nisiuone ukiwa mtupu. Niliishi hivyo miaka minane. Mwaka 1979 siku moja baba yako akapanda zile ngazi saba akikimbia, mtu wa miaka sitini, ana boksi la halua mkononi. "Kaka! Simha anaolewa! Chini ya hema la harusi, na baraka zote saba, na utakayezisoma ni wewe!" Akanibusu kichwani. Alikuwa ameoa Mjapani, na Mungu alikuwa anampa hema na baraka saba. Mimi niliyemzika mwanangu kwa ajili ya Mungu huyohuyo nilikuwa na vioo vilivyofunikwa. Kama njia yake ilikuwa sawa, mimi nilikaa sakafuni bure.

Barua ya Haifa ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Wakati ananibusu nilikuwa bado sijaijibu. Hilo nataka ulijue: nilikuwa na nafasi, na nilikula halua yake kwanza.

Jibu la Haifa lilipokuja, baba yako alilia ofisini kwake kati ya trei za lulu. Alisema, "Wale watu hawana moyo, kaka." Nikasema, "Kweli, hawana." Nikampa leso yangu afute macho. Amekufa akiamini kwamba nilikuwa upande wake.

Nimeambatisha karatasi yenye sahihi yangu na ya mashahidi wawili wa huku. Nimeandika kwamba niliona kwa macho yangu Tazuko akizama mwili wote na nywele zote, na kwamba barua ya 1979 ilikuwa kosa. Mpelekee rabai upesi.

Mwanangu, nakuomba unisamehe.

Heskel


Kobe, 8 Juni 1997

Baba Mkubwa,

Mvua za Juni zimeanza. Naim aliandika kwamba ulianguka bafuni. Pole.

Barua yako niliisoma kazini. Nilikuwa nimepanga lulu za mkufu mmoja, hamsini na tatu, kazi ya siku nne. Nilipomaliza kusoma sikuweza tena kuona ipi nyeupe ipi ya waridi. Nikazirudisha zote kwenye bakuli.

Nataka ujue nilivyoishi. Nimekuwa nikimlaumu Avner miaka kumi na minane. Nimelilaumu baraza. Siku mbaya nimemlaumu Mama, kwamba alikubali kuingizwa dini na askari aliyekuwa anawahi treni, maana neno hilo la treni lilitufikia kutoka Haifa na hatukujua limetoka kinywani mwa nani. Wewe sikukulaumu hata siku moja. Kila Mwaka Mpya nilikuletea makomamanga. Uliyapokea.

Jioni ile nilikwenda hospitali, nikamwambia Mama yote. Nilidhani namletea msiba. Alikuwa anamenya pichi. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Habiba aliniambia mwaka uleule. Alikuja analia, na nakala mfukoni."

"Na hukuniambia? Hukumwambia Baba?"

Akakata kipande akanipa. "Baba yako alikuwa na kaka mmoja," akasema.

Basi. Ndiyo hivyo. Alichagua baba yangu abaki na kaka, na mimi nikakosa mume. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali hadi walipofunga lango. Mama na Mama Mkubwa Habiba walijua miaka yote hiyo, na wote wawili walikula chumvi nami wakicheka mezani. Mama anakufa, siwezi hata kumfokea.

Sasa karatasi yako. Rabai Abitbol ameikataa. Anasema shahidi akishasema, hawezi kurudi akasema kinyume. La sivyo kila shahidi angebadilika kama upepo. Kwake yeye barua ya 1979 ndiyo neno lako, na hii ya sasa ni huruma ya mzee.

Nilimwambia Mama tumeshindwa. Akauliza umeandika nini hasa. Nikamsomea: niliona kwa macho yangu. Mama alicheka mpaka mashine ikalia na nesi akaja mbio.

"Aone kwa macho yapi?" akasema. "Simha, mimi niko majini hadi shingoni, Novemba, meno yanagongana, Habiba yuko pembeni yangu na gauni limejaa maji. Nikitazama ufukweni naona nini? Migongo mitatu. Makoti matatu meusi yamenipa kisogo kwa heshima. Lagnado anapiga chafya. Treni ya Himeji inapita, abiria wote wananiona, ila hao watatu tu ndio hawanioni! Nikazama, Habiba akapaza sauti, 'Kasheri!', yaani nimezama sawasawa. Nao wakaitikia bila kugeuka, 'Kasheri!' Mara tatu. Na mwambie shemeji, nywele gani hizo? Habiba alinikata siku iliyotangulia, nikawa kama mwanafunzi wa jeshi. Baba yako alipoingia alipiga yowe."

Kwa hiyo Baba Mkubwa, hata katika kukiri kwako umedanganya. Hukuona zikielea na hukuona zikizama. Ulitoa ushuhuda mara mbili kuhusu kitu ulichokipa mgongo.

Andika hilo. Andika ulikuwa umesimama wapi na ulikuwa unatazama nini, basi. Na usiniombe msamaha tena kabla hujaliandika.

Simha


Hong Kong, 6 Julai 1997

Mwanangu,

Huku bendera imebadilishwa, mvua ikanyesha siku nzima, na Naim alinifungulia televisheni nisiyoisikia. Mguu unapona. Natumaini mama yako bado anacheka.

Sikuwa nimefikiria kwamba kuna mtu hai anayeikumbuka migongo yetu. Ukweli ni huu. Mwaka 1979 nilipoketi kuandika, nililiona lile fungu la nywele. Naapa nililiona waziwazi, jeusi, linacheza juu ya wimbi. Nilikuwa nimelitengeneza vizuri kiasi kwamba baadaye nililikumbuka. Nilipokuandikia Mei nilidhani dhambi yangu ni kusema kitu ambacho ningeweza kukinyamazia. Niliposoma maneno ya Tazuko ndipo likapotea, nikaona nilichokuwa nakitazama kweli siku ile: njia ya reli, ukuta wa mawe, na mwanamke anayeanika mwani kwenye kamba, ambaye alikuwa anatushangaa.

Karatasi mpya hii hapa. Inasema hivi tu: "Mimi, Heskel mwana wa Shaul Somekh, wakati wa kuzama kwake Tazuko, nilikuwa nimeipa bahari mgongo kama inavyotakiwa. Sikuona chochote. Nilisikia sauti ya mke wangu Habiba ikisema kasheri mara tatu, nikaitikia mara tatu. Mtu yeyote aliyesema kwamba niliona jambo, hata akiwa mimi, amesema uongo."

Imekuwa ngumu kuiandika kuliko ile barua ndefu. Ile ndefu ilinifanya mtu mwenye dhambi kubwa. Hii inanifanya mwongo wa kawaida.

Umesema nisikuombe kabla sijaandika. Nimeandika. Nakuomba unisamehe.

Heskel


Kobe, 14 Septemba 1997

Baba Mkubwa,

Sikukujibu Julai, wala Agosti. Utajua kwa nini.

Mama alifariki tarehe kumi na mbili Agosti, alfajiri, bila maumivu makubwa. Siku tisa kabla ya hapo Rabai Abitbol alikuwa amekuja kitandani kwake na karatasi yako. Aliisoma mara mbili amesimama. Akasema, "Huyu si shahidi aliyerudi kinyume. Huyu hajawahi kuwa shahidi." Aliyeona ni Mama Mkubwa Habiba, naye alisema palepale, kwa sauti, watatu wakaitikia. Barua ya 1979 akaichukua kwenye jalada, akaikunja. Alimuuliza Mama kama angependa kuichana. Mama akasema, "Mpe Simha." Ninayo.

Tulimzika siku iliyofuata kifo chake, kando ya Baba. Ilikuwa sikukuu ya kuwakaribisha wafu, mji mzima umefungwa, wachimba kaburi wote wamekwenda vijijini kwao. Wazee wetu kumi wa sinagogi wasingeweza kuchimba hata shimo la waridi. Nikiwa bado nahangaika na simu, yakasimama magari mawili kutoka Akashi. Ni watoto wa kaka zake Mama, wanne, na majembe yao. Mkubwa wao aliniinamia akasema, "Shangazi hataki kuchomwa, tumesikia. Tuonyeshe pa kuchimba." Walichimba kwa muda wa saa tatu juani. Hawa ndio ndugu uliosema angepumzika vizuri katikati yao. Pengine hapo ulisema kweli bila kukusudia.

Violet alikuja. Ana mvi, ana wajukuu wawili. Alisimama karibu nami mpaka mwisho. Aliniuliza kama umewahi kumtaja kwenye barua. Nikasema ndiyo. Akauliza kama umewahi kumwandikia yeye. Nikasema sijui. Akacheka kidogo: "Marehemu hawaandikiwi, Simha. Nani atapeleka?"

Sasa nasema langu, maana Siku ya Upatanisho inakaribia na wewe unaijua sheria kuliko mimi.

Barua yako ya 1979 haikuwa na nguvu hata kidogo. Ilichukua swali moja tu kuivunja: ulikuwa unatazama wapi? Laiti mtu yeyote wa Haifa angekuuliza hilo, au Mama angelisema mezani siku moja, ningekuwa na watoto wakubwa sasa. Nimenyimwa maisha yangu na mistari kumi na moja ya mtu aliyekuwa anatazama mwani.

Umeniomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili sikukupa, na bado sina wa kukupa. Nimechungulia moyoni, hamna. Nilifundishwa tangu utotoni, na aliyenifundisha ni wewe, kwamba mtu akiomba mara tatu kwa moyo wote na akakataliwa mara tatu, yeye yu huru, na dhambi inamhamia aliyekataa. Kwa hiyo barua yako ijayo nitakapoiona kwenye kisanduku nitajua imebeba nini. Utakufa msafi, nami nitabaki nayo. Sikukatazi. Ni haki yako.

Simha


Hong Kong, 6 Oktoba 1997

Mwanangu Simha,

Uandikiwe mwaka mwema, na mama yako na baba yako wapumzike kwa amani, kando kwa kando. Naim amekuandikia mwandiko huu; mkono wangu haushiki tena kalamu. Ni yeye pia aliyenisomea upya juzi barua zako zote tangu ya Januari, kwa hiyo sasa anajua baba yake ni nani. Alisoma hadi mwisho, akaenda dirishani. Baadaye akarudi akaniwekea mto. Sijui hiyo ina maana gani.

Nimefurahi kuhusu vijana wa Akashi. Nimewafikiria sana na majembe yao.

Jana nilimwamuru Naim aandike bahasha ya Himeji. Ndani yake nilimwambia Violet mambo manne tu, na la kwanza ni kwamba vioo vilifunuliwa kwa makosa tu: tetemeko liliangusha vitambaa, na sikuwa na wa kuvirudisha. Nilimwambia pia kwamba baba yako alikuwa sahihi kuhusu koti.

Sasa lile lako. Sheria uliyoitaja ni ya kweli, na ni mimi niliyekufundisha, ukiwa na miaka tisa, kwenye meza ya jikoni Kitano, ukiwa umekasirikiana na Violet kwa sababu ya sketi. Uliniuliza, "Je, mtu akiwa hataki kusamehe na ana haki?" Sikukujibu vizuri. Nadhani nilikuambia umalize kazi yako ya shule.

Mwaka 1979 nilichukua sheria nikakupokonya nayo mume. Sitaichukua tena leo nikupokonye hasira yako. Ni yako, umeilipia, nami sina ruhusa ya kuigeuza dhambi kwa ujanja wa kuhesabu. Nimeomba mara mbili. Ya tatu siombi. Nimemkataza Naim asije akaniombea kwako nikishafukiwa, na nimewakataza wote wasilete watu kumi wa sinagogi mlangoni kwako kukusihi. Dhambi yangu naondoka nayo mwenyewe, Simha. Ni yangu, na najua uzito wake, na sioni mtu mwingine wa kumpa.

Ukija siku moja kunisamehe bila kuombwa, sitajua, na hiyo ni sawa.

Nilikuwa nimemtajia Naim hapa sentensi nyingine, kuhusu kuniwekea jiwe dogo la kumbukumbu juu ya kaburi la Tazuko. Ilianza na neno "tafadhali". Nimemwambia aikate. Utaona wino uliofutwa.

Barua hii haina ombi.

Baba yako mkubwa,
Heskel